Damu ya Nassoro, Ziwa la Nadia

Katika komini ya Tshopo, mtaa wa kando ya mto, pale anapokaangia mikate, hakuna anayemwita Safiya. Wanamwita Mama Nokinoki, kwa Kilingala, yaani mwenye haraka, na jina hilo hakupewa na adui. Ni mwanamke asiyengoja mafuta yachemke. Donge la kwanza huzama, likanywa mafuta hadi likashiba, naye akagombana nalo kana kwamba lina masikio. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, atakujibu kwamba aliyesema hayo hakuwa na wateja wa asubuhi. Akipanda toleka, baiskeli ya abiria, hushuka kabla haijasimama. Hata habari ya msiba huisikia nusu, na kuna siku alifika na kilio chake kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekufa.

Watu walicheka, naye alicheka nao. Lakini haraka hiyo kuna mahali ilimla, na hapo hakuna aliyecheka.

Mwaka juzi alipata mimba, baada ya mbili kutoka. Alikuwa akilala upande mmoja tu, akihesabu maumivu ambayo hayakuwapo. Wifi yake Nadia, dada mkubwa wa mumewe Rachidi, alikuwa na mimba pia. Ya Nadia ilikuwa ya tano, na ndani ya nyumba alikuwa na mabinti wanne, wote wazuri, wote wanaoulizwa na wageni, "Na kaka yenu yuko wapi?" Waliishi ua mmoja, Safiya na Rachidi upande huu, Nadia na wanawe upande wa pili. Basi wakaenda kituo cha afya pamoja, wakakaa benchi moja, wakachomwa vidole na muuguzi mmoja, Mama Delphine.

Kipimo cha Nadia kilitoa mstari mmoja, yaani yuko mzima. Cha Safiya kilitoa mistari miwili.

Mama Delphine alikuwa mtu wa maneno marefu, anayeyapanga moja baada ya jingine kama muuza nyanya anavyopanga mafungu. "Mama," alisema, "usiogope. Uko na hépatite B, homa ya maini. Hii ugonjwa inapita mu damu, na mama anaweza kuipa mutoto siku ya kuzala. Donc basi, mutoto akitoka tu, siku ile ile, tutamupiga sindano. Kisha zingine, wakati wa chanjo. Kisha miezi tisa, unamuleta tunamupima damu, tuone kama haikuingia. Sasa, sikia vizuri..."

Safiya hakusikia vizuri. Kwenye neno "haikuingia" alikuwa ameshasimama, kwenye "sasa" alikuwa mlangoni, na kwenye "sikia" alikuwa nje, anatapika kando ya ukuta. Nadia alibaki ndani, maana mtu mzima hamwachi mwenzake akisema na kiti.

Nadia aliporudi uani alimkuta Safiya ameinamia beseni la unga bila kukanda, macho mekundu. Safiya alikuwa ameshamaliza hesabu yake. Maziwa ni nini, kama si damu iliyogeuzwa rangi? Ndivyo bibi yake alivyokuwa akisema, na bibi yake alizaa tisa. "Yaya Nadia," akasema, kama anavyoitwa dada mkubwa, "maziwa yangu itamuua mutoto."

Nadia alifungua kinywa, akakifunga.

"Tutaona," akasema.

Nadia alijifungua kwanza, binti wa tano. Safiya akafuata baada ya wiki chache, mvulana, na kelele zake zilisikika hadi barabarani. Wodi ilijaa siku hiyo, wakunga walikuwa wawili tu, na Safiya alimfuata mmoja wao kila kona mpaka mtoto akachomwa ile sindano ya kwanza. Alipoona tu imechomwa, akafunga kifurushi chake akaenda zake. Mtoto akaitwa Nassoro, jina la baba yake Rachidi.

Nyumbani Nassoro alililia ziwa, na mama yake akamnyima kifua chake mwenyewe. Alimpa maji ya sukari kwa kijiko. Alimpa kidole. Mtoto akalia hadi sauti ikakauka, ndipo Nadia akaingia, akamchukua mikononi mwa mama yake, akasema bismillah, akamnyonyesha. Nyumba ikawa kimya. Safiya akaegemea ukuta akalia kwa shukrani.

Katika familia ile, mtoto kunyonya si jambo la kupita. Nassoro akawa mtoto wa Nadia wa kunyonya, ndugu wa wale mabinti watano, haramu kuoa yeyote kati yao. Wazee wa familia waliambiwa kwamba Safiya hana maziwa, wakaitikia, wakaomba dua. Rachidi, ambaye kutwa nzima hunyoosha rimu za baiskeli za watu, alipimwa naye, akakutwa mzima, akachanjwa, na kuhusu maziwa akasema hayo ni mambo ya wanawake.

Maziwa yenyewe hayakujua kwamba yamekataliwa. Yalikuja kwa nguvu, kifua kikawa mawe. Safiya akajifunga liputa, kitenge kilekile alichokuwa amemnunulia mtoto cha kubebea, akakaziwa fundo mgongoni na Nadia huku akiuma meno, akaenda kukaanga mikate. Aliungua mkono mara nyingi mwezi ule. Kisha siku moja kitenge kikawa kikavu, na hilo nalo likamuuma, tena kuliko mawe.

Miezi ikaanza kwenda, na haikwenda. Kila asubuhi alimtoa Nassoro juani, akamvuta kope ya chini kutafuta umanjano. Aliukagua mkojo wake. Mtoto akipiga chafya, Safiya alikuwa ameshavaa viatu. Mtoto alipofika miezi minne, uvumilivu ukamwisha mama, akaenda peke yake kwenye maabara ndogo karibu na soko kuuliza kama wanaweza kumpima mapema. Kijana wa pale akamwambia hapana, mama, kipimo cha mapema kinaweza kudanganya, rudi miezi tisa ikitimia. Akatoka akimlaani kijana, soko, na miezi yote yenye siku thelathini na moja.

Na Nassoro akakua. Akanenepa mikunjo mikunjo. Akajifunza kutambaa, na njia ya kwanza aliyotambaa ilitoka mlangoni kwa mama yake ikaenda mlangoni kwa Nadia. Siku za chanjo ni Nadia aliyempeleka, kwa kuwa kwa Safiya alilia. Safiya akimwogesha, alitulia kwa adabu, kama mgeni anayengoja chakula cha nyumba nyingine. Majirani wakasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Walisema kwa kumsifu Nadia, hawakuwa na ubaya. Safiya alicheka nao, akageuza mikate ambayo ilikuwa haijaiva.

Alijiambia: nimemlinda. Kama damu yake ni nzuri, basi kila kitu kilikuwa na maana. Na kama si nzuri? Hapo alikuwa akisimama ghafla, popote alipokuwa, akatafuta kazi ya kufanya.

Asubuhi ya kipimo, Nadia alisema kichwa kinamgonga. "Muende kesho," akasema, bado amelala.

"Kesho?" Safiya alikuwa ameshamvalisha mtoto. "Niko nangojea hii siku tangu hajazaliwa. Amuka, Yaya. Bila weye atalia njia yote."

Nadia aliamka. Alivaa polepole mno, akafunga kitambaa cha kichwa, akakifungua, akakifunga tena. Akapanda toleka ya pili, nyuma ya ile ya Safiya.

Mama Delphine alimtoa Nassoro damu mkononi. Mtoto alipiga ukelele, akajitupa kifuani kwa Nadia. Tone likawekwa kwenye kipimo, damu nyingine ikabaki kwenye kichupa ipelekwe maabara kuu, kuona kama chanjo imeshika. "Mungojee kidogo," muuguzi akasema.

Safiya alizunguka pipa la maji uani. Akarudi. Akachungulia kipimo. Akatoka tena, akasoma bango la vyandarua lote, asielewe hata neno. Mungu, alisema moyoni, chukua mikono yangu, chukua mikate, nipe mustari mumoja. Akarudi tena akakiinamia kile kipimo mpaka muuguzi akamshika bega. "Mama, ukiiangalia hivyo haitaiva mbio."

Nadia alikuwa ameketi, macho sakafuni, mtoto amelala mapajani pake.

Mama Delphine akachukua kipimo, akakisogeza dirishani. "Bon. Mustari mumoja. Haikuingia. Mutoto yako iko muzima."

Safiya alikaa chini, sakafuni, pale pale. Akacheka, akalia, akashika mguu wa meza. Miezi tisa ilimtoka kifuani kwa mkupuo mmoja, akajisikia mwepesi hadi akaogopa. "Nilimulinda," alirudia. "Nilimulinda."

"Ndiyo, ulifanya vizuri," Mama Delphine akasema huku akiandika. "Na ziwa, bado ananyonya? Usimukatishe mbio. Uendelee."

"Ananyonya kwa Yaya Nadia. Ya kwangu sikumupatia hata siku moja."

Kalamu ikasimama. "Juu ya nini?"

"Si ni juu ya ile ugonjwa?"

"Lakini mama." Muuguzi alizungumza taratibu, na safari hii hakuna aliyekimbia. "Mutoto akipata sindano, ziwa ya mama haina shida. Nilisema ile siku. Weye ulikuwa umeshatoka, donc nilimwambia huyu dada yako. Nilimurudilia mara mbili: umwambie anyonyeshe bila woga."

Nje mtu alikuwa akipanga viti. Safiya aligeuza kichwa.

"Nilitaka kukuambia," Nadia alisema, bila kuinua macho. "Nilipofika nyumbani, weye mwenyewe ukasema maziwa yako itamuua. Nikasema, acha azae kwanza. Akazaliwa. Akalia. Nikamupa mara moja tu, nikasema kesho nitasema." Alikitazama kidole chake. "Alinishika kidole, Safiya. Miye niko na mabinti tano. Alinishika kidole, hakuachilia."

"Uliniona nikijifunga kifua."

"Nilikuona."

"Ulikaza fundo weye mwenyewe, mugongoni."

Safiya aliinuka, akamchukua Nassoro mapajani pale kwa nguvu, akatoka naye. Alitaka kwenda, popote, Yanonge, hata ng'ambo ya mto, mahali ambapo hakuna anayejua jina la Nadia. Hakufika mbali. Mtoto aliamka kwenye kivuli cha ukuta, mkono unamuuma, tumbo tupu, akaanza kulia. Akazika uso kifuani kwa mama yake, akapekua, akakuta kitambaa, akakivuta.

Safiya akafungua vifungo. Kwa haraka akampa ziwa.

Nassoro alishika. Alivuta mara moja, akavuta tena kwa bidii, macho yake yakimtazama juu. Kisha akaachia, akamkunjia uso mama yake kama mtu aliyetaniwa, akalia kilio cha njaa ya kweli.

Nadia alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwao, hakuthubutu kusogea. Kilio kilipopanda, mbele ya blauzi yake paliloa mahali pawili, pakazidi kuloa, naye akafunika kwa mikono, akaona haya. Safiya alipaona. Alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu, alitaka kumwambia neno la kubaki naye hadi kaburini, na neno lilikuwa tayari ulimini.

Mtoto akalia.

"Kuja," Safiya akasema.

Nadia hakuamini, akabaki palepale.

"Mutoto iko na njala, Yaya. Kuja umupe. Lakini tukifika nyumbani, Rachidi utamwambia weye, na kinywa yako."

Nadia akaketi juu ya ngazi ya kituo, akampokea. Kilio kikakatika katikati. Safiya alisimama karibu yao, vifungo vyake bado wazi, akimsikia mwanawe akimeza.