Alama Mbili Chini ya Jina la Mume Wangu

Shemeji yangu, Leung Gwai-hing, alinitoa katika kitabu cha ukoo, na kisu kilichonitoa nilikishika mimi mwenyewe.

Hapa Shunde wachongaji wa vitabu ni wanawake. Mwandishi huandika ukurasa kwenye karatasi nyembamba, huubandika kifudifudi juu ya ubao wa mpeasi, nasi tunachonga kufuata wino. Kusoma hatujui. Kila neno lina alama yake: mpunga una yake, bata ana yake, na asiyefundishwa hawezi kukisia. Kwetu ni mikato tu, hapa kumi, pale ishirini. Nimechonga vitabu vya tiba, vya mashairi, na kimoja ambacho mwandishi alikiandika akicheka peke yake. Ndivyo nilivyokaa mjane miaka kumi na tisa.

Mwaka jana Gwai-hing, mkuu wa ukoo, aliniletea karatasi za kitabu chao.

"Shemeji, hakuna mwenye mkono kama wako."

Jina la marehemu mume wangu nalijua kwa umbo. Kila mwaka nalifuta vumbi kaburini. Chini yake palikuwa na alama mbili zilizosongamana. Nilizichonga vizuri sana.

Baada ya nakala za kitabu kugawanywa, akapita kwangu mzee Fung, anayekusanya karatasi zenye maandishi azichome kwa heshima, zisikanyagwe. Akaokota moja iliyoharibika katika kupiga chapa.

"Dada, mbona hukutualika?"

"Wapi?"

"Harusini. Hapa panasema mjane wa Leung Sik-kwan aliolewa kwingine."

"Na nani?"

"Hapasemi."

Nikamfuata Gwai-hing. Alikuwa anakunywa uji.

"Shemeji, nimeolewa na nani?"

"Nani kakusomea?"

"Nijibu kwanza."

"Umechonga mwenyewe, hukulalamika. Sasa unataka nini?"

Nyumba ya mjane aliyeolewa kwingine hurudi kwa ukoo. Mwana wa Gwai-hing ameshaleta kitanda chake kwangu. Na nikifa, kibao cha jina langu hakitawekwa mezani pa wahenga, kando ya kile cha mume wangu, wala hakuna atakayenifukizia ubani.

Kuzing'oa alama mbili ubaoni na kupachika kipande kipya ni kazi ya asubuhi moja. Kipande nimeshakikata. Namdai Leung Gwai-hing karatasi yenye maneno "alibaki mjane", aiandike kwa mkono wake, na arudishe vitabu vyote ishirini na sita alivyogawa. Kuchonga nitachonga mimi.