Bibi Yangu wa Valladolid

Baba hakutaka niende. Hakusema hapana, maana si mtu wa kusema hapana, lakini kila nilipoutaja muhula wa Uhispania aliinuka kwenda kuangalia kama kiyoyozi kinavuja. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Al Khoudh, huku Maskati, nasoma lugha, na mwalimu wetu wa Kihispania alikuwa amenipatia nafasi ya kusoma nusu mwaka katika mji wa Valladolid. Mama alikuwa upande wangu kimyakimya. Aliyelimaliza jambo ni Bibi, mama yake Mama. Ijumaa moja tulikuwa kwake Mabela, tumeshakula, na Baba anaeleza kwa mara nyingine jinsi nchi za watu zilivyo mbali.

"Mwacheni ende," Bibi alimkatiza. "Mimi nlipoletwa huku kutoka Unguja nlikuwa sijui Kiarabu hata cha kuombea maji. Jirani akinijia kila asubuhi, akishika kitu akikitaja, na mimi nkikitaja. Mbona niko hai?"

"Huko hana jamaa, Mama," Baba alisema.

"Atawapata."

Wiki ile ile Baba alininunulia koti.

Koti lenyewe halikutosha. Baridi ya Valladolid si ile ya mlimani Jabal Akhdhar tunayoifuata mwisho wa wiki kwa ajili ya picha. Nilifika mwezi wa Januari, na chuo kikanipangia kukaa kwa mama mmoja mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa, anayeishi peke yake ghorofa ya nne. Hakuwahi kukaa na Mwislamu. Siku ya kwanza, kabla hata sijavua koti, alinivuta mkono mpaka jikoni, akafungua kabati, akanionyesha sufuria mbili na kikaango, vipya, bado vina karatasi za dukani. Alisema maneno mengi sana. Nilishika mawili tu: nguruwe, na kamwe.

Darasani Al Khoudh nilikuwa napata alama nzuri. Huko Kihispania changu kilikuwa kinafika mdomoni kimechelewa, watu wameshahamia mazungumzo mengine. Nyumbani kwetu tunaanza sentensi kwa Kiswahili tunaimaliza kwa Kiarabu na hakuna anayejua ilibadilika wapi. Sasa nikawa mtu wa "ndiyo", "asante" na "sijui". Nililia mara kadhaa bafuni, bomba likiwa wazi. Yule mama hakuniuliza kitu. Ila chakula cha jioni hakuniachia nile chumbani. Nilikaa naye mezani, akinisahihisha vitenzi huku ameshika kipande cha mkate, naye akingoja nirudie mpaka kitenzi kikae sawa ndipo ale.

Mwezi wa tatu, nikiwa darasani, tumbo lilinishika. Nilidhani ni chakula. Nilipojaribu kusimama, miguu ikakataa, na wenzangu wakanibeba mpaka nje. Gari la wagonjwa likanichukua. Hospitalini daktari aliniuliza maumivu yakoje. Kwa Kiswahili ningemwambia: linasokota, halafu linachoma, halafu linavuta kuelekea kulia. Kwa Kihispania nilikuwa na neno moja: linauma. Nililirudia hilo hilo, na kila nilipolirudia niliogopa zaidi.

Katibu wa kitivo alikuwa amempigia yule mama. Nilimsikia kabla sijamwona, anabishana mlangoni na nesi. Nesi alimwuliza yeye ni nani wa mgonjwa.

"Mimi ni bibi yake," alisema.

Nesi akamtazama yeye, mweupe, nywele za rangi ya shaba, viatu vya ndani miguuni. Akanitazama mimi na hijabu yangu. Akasogea pembeni.

"Basi pita, bibi."

Kilikuwa kidole tumbo, na ilibidi wanipasue siku ile ile. Nilimwomba yule mama asiwaambie nyumbani mpaka yaishe. Alikataa katakata. "Mama lazima ajue," alisema, akanishikia simu sikioni. Mama alikuwa kazini. Alisoma dua yote bila kusita, kisha ndipo sauti ikamvunjika. Nyuma yake nilimsikia mtu akimpigia Baba.

Waliponiletea kofia ya operesheni, yule mama aliwaambia wanaume wawili waliokuja kusukuma kitanda wageuke. Wakageuka. Akanitoa pini za hijabu moja moja, akaziweka kwenye mfuko wa sweta lake, akazikusanya nywele zangu zote ndani ya kofia, akahakikisha hata za kisogoni hazionekani. Sikuwahi kumweleza chochote kuhusu hijabu. Alikuwa amekaa na mimi, akaona mwenyewe. Mengi ya siku ile yamenipotea, lakini vidole vyake kisogoni mwangu sijavisahau.

Nilipozinduka alikuwa kwenye kiti kando yangu. Kesho yake wa nyumbani Maskati wakapiga simu, wote wamejazana kwenye kioo cha simu, na mimi kitandani ndiye mkalimani.

Baba alianza yeye. "Mwambie..." Akajaribu tena. "Mwambie..." Kisha akamwachia Mama simu.

"Amesema nini?" yule mama aliniuliza.

"Bado hajasema."

"Nimemwelewa," alijibu.

Bibi ndiye aliyekuwa na maneno. "Mwambie nnamuombea dua. Na mwambie asikupe vitu vya baridi."

Nilitafsiri. Yule mama akasogeza uso kwenye simu. "Mwambie nina wajukuu wawili wa kiume na hawanipigii. Huyu simrudishi."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie huyo nimemuazima tu."

Nilipotoka hospitali nikarudi kwa yule mama, sikuwa na hamu ya kula. Siku moja nimelala chumbani nikasikia sauti ya Bibi yangu jikoni. Nilidhani ni homa. Kumbe yule mama ameiegemeza simu kwenye kopo la sukari, na Bibi, kutoka Mabela, anampikisha uji wa mchele. Tui alilipata kwenye duka la Wachina, hiliki sijui wapi.

"Koroga, usiache, koroga!" Bibi alikuwa akisema.

"Así?" yule mama akauliza. Yaani, hivi?

"Hasi nini tena? Moto! Punguza moto!" Na Bibi, nadhani, alikuwa akionyesha kwa mkono, kwani nilisikia jiko likipunguzwa.

Nilitaka kuinuka niwatafsirie. Nikaona wanakwenda vizuri bila mimi. Uji ulikuja umeungua kidogo chini na hiliki imezidi, nami niliumaliza, yeye amesimama mlangoni anahakikisha.

Tangu hapo walipigiana hata nikiwa chuoni. Nikirudi nakuta simu imesimama mezani, Bibi anachambua mchele huku, yeye anamenya viazi kule, kila mmoja anasema lugha yake. Na mimi ulimi ukafunguka. Nilipoacha kuogopa kukosea nyumbani, nikaacha na darasani.

Siku hizi nafundisha Kihispania huku Maskati, Bawshar. Majira ya baridi ya mwaka wangu wa kwanza kazini, yule mama alikata pasipoti ya kwanza maishani mwake akaja Maskati. Baba alikwenda kumpokea uwanja wa ndege mwenyewe, kanzu imepigwa pasi, hakutaka dereva mwingine. Tulimwandalia chumba kwetu Al Khoudh. Alilala humo mara moja tu, kisha akaomba apelekwe Mabela.

Alasiri moja nilipitia huko nikitoka kazini. Niliita, hakuna aliyeitika. Niliwakuta sebuleni, wamelala usingizi wa mchana kwenye zulia, wameelekeana, kila mmoja na mto wake, na televisheni inajisemea peke yake. Bibi alikuwa amemfunika mgeni wake kwa kanga kwa sababu ya kiyoyozi. Nilizima televisheni, nikavua viatu, nikakaa pale karibu nao nikingoja waamke. Nilikuwa na karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Sikuzigusa. Nilikuwa namshukuru Mungu, na sikutaka kuharakisha.