Gambuti za Mguu wa Kushoto

Chekeni tu, mimi nishazoea, maana hata leo nikikumbuka nacheka peke yangu jikoni hadi watoto wananiuliza kama niko sawa. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa karani wa idara moja ya serikali pale Nyeri, na kazi yangu ilikuwa kukagua vitu vya tenda vikiletwa: nifungue, nihesabu, ndio niweke sahihi. Sasa Ijumaa moja lori ya kontrakta ikaleta magunia ya gambuti za wafanyakazi wa msitu kwa stoo yetu ya Naro Moru, na mimi nilikuwa nangojwa Giakanja kwa ruracio, sherehe ya mahari ya dada yangu (na ni mimi nilikuwa nipike njahi), kwa hivyo nikachungulia gunia moja, nikaona gambuti nyeusi zinang'aa, nikasaini zote. Mzee Kariuki, mwenye stoo, aliniomba tufungue hata mawili matatu. Nikamwambia gambuti ni gambuti.

Baada ya wiki tatu akaja mkaguzi kutoka Nairobi, mama mmoja mpole wa miwani, kuona kama vile tulisaini ndivyo vilivyoletwa. Uwanja ulikuwa matope matupu, wafanyakazi wamejipanga kungojea kugawiwa, na mimi kwa kujipendekeza nikasema ngoja nivae jozi moja nimwonyeshe mgeni vile ziko imara.

Ya kushoto iliingia vizuri. Ya kulia ikakataa, nikadhani ni mguu umefura, nikasukuma na nguvu zote mpaka ikaingia, nikaanza kutembea nikitabasamu. Wacha niwaambie, mguu wa kushoto ulikuwa unaenda Nyeri na wa kulia unaenda Nanyuki. Hatua ya nne nikapinduka, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, na kitu hicho kilikuwa mkono wa mkaguzi. Tukaanguka wote wawili, yeye na faili yake, wafanyakazi wakicheka mpaka wengine wakachuchumaa.

Yule mama hakuinuka. Alipangusa miwani akaangalia miguu yangu kwa muda mrefu.

"Madam," akasema polepole, "wewe miguu yako yote ni ya kushoto?"

"Hapana, madam. Ni gambuti."

"Na ni nani alizikagua?"

"Ni mimi."

Magunia yakafunguliwa yote, na hakukuwa na ya kulia hata moja, huku mimi nimekaa juu ya debe, Mzee Kariuki na wanaume wawili wakinivuta ile iliyokwama. Kontrakta aliambiwa azichukue zote, akanyimwa tenda, na mimi nikapata barua ya onyo. Lakini kwa ripoti yake yule mama (Mungu ambariki) aliandika ati kasoro iligunduliwa baada ya karani kuzijaribu mwenyewe.

Tangu siku hiyo siweki sahihi kwa kitu sijafungua. Hata cheti cha ubatizo cha kifungua mimba wangu nilikisoma mara mbili, padri amesimama hapo na kalamu mkononi, kanisa zima linaningoja.