Mukami Aliyekataa Ucuru

Huku Mbeere, mwanamke akijifungua hatembelewi mikono mitupu. Wanawake wanamletea ucuru, uji wa mawele uliochachuka, na mwenye uji haondoki mpaka akuone umemaliza kikombe. Ukikataa, umemtukana. Jirani yangu Mukami alipomzaa Lennox, akina mama wa kanisa walikuja kwa zamu, na mama mkwe wake, Ciakuthii, akaongeza njahi, yale maharagwe meusi, na supu ya mifupa. Mukami alikunywa, akala, akanenepa. Hakuna aliyeona ajabu, maana ucuru unaletwa kwa ajili hiyo hasa.

Mimi na Mukami tunachambua muguka, majani ya kuchangamsha yanayotafunwa kama miraa, katika kibanda cha mabati cha Ciakuthii. Wachumaji wanaleta matawi, sisi tunatenga majani machanga na kuyapakia kabla hayajanyauka. Ni kazi ya kuinama tangu asubuhi, na Mukami aliirudia mapema mno, mtoto akiwa mgongoni. Nilimwambia apumzike. Akanijibu kwamba akikaa nyumbani atalala, na akilala hakuna wa kumfulia nepi. Mumewe, Njue, anaendesha gari aina ya Probox la kukimbiza muguka Nairobi. Mara nyingi hayupo, na akiwepo amelala.

Siku moja Njue alikuja kuchukua mzigo, Mukami akamwomba amshushe mjini Kiritiri. Njue akamtazama kutoka juu hadi chini, mbele ya wapakiaji.

"Wewe nikikubeba, itabidi niache gunia mbili hapa," akasema.

Wanaume wakacheka. Mukami naye akacheka, lakini nilimwona uso wake, na haukuwa uso wa kucheka. Angekuwa mume wangu, ningempa maneno ya kumsindikiza mpaka Nairobi. Mukami si mtu wa maneno. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha wa mzaha huu ulimtumbukia mtoto.

Kuanzia hapo Mukami aliacha kula. Asubuhi alikunywa chai, mchana akasema ameshiba, jioni chai tena. Njaa ilipomzidi, alitia kinywani majani ya muguka. Kila mtu huku anajua mtafunaji hana hamu ya chakula. Tunawaona wanaume wakitafuna mchana kutwa huku githeri, mahindi na maharagwe, inapoa mbele yao. Mukami akaona dawa ya kukonda anaishika mikononi kila siku, kwa nini asiitumie? Alijua Ciakuthii hawezi kuvumilia mama anayenyonyesha akitafuna, kwa hiyo alijifunga leso mdomoni kana kwamba anazuia vumbi. Haya yote aliniambia baadaye. Wakati ule niliona tu leso.

Ciakuthii aliendelea kupika. Sahani ilipelekwa imefunikwa, ikarudi vilevile. Ucuru uliishia kwa ndama. Mwanzoni mama mkwe aliuliza kama kuna kilichozidi chumvi, kisha akaacha kuuliza, akanuna. Hakumwita tena Mama Lennox. Alisema "yule," hata kama yule amesimama mlangoni. Mimi nilidhani ni vita vya kawaida vya mke na mama mkwe, na vita hivyo mtu wa nje haingilii.

Na huko kukonda kwenyewe hakukuja. Mashavu yaliingia ndani lakini tumbo lilibaki palepale. Kilichopungua ni maziwa. Lennox alinyonya kidogo, akaachia, akalia, akashika tena. Usingizi ulimpaa, ukampaa na mama yake, akawa anakuja kazini na macho mekundu na kusinzia wima kama punda. Ukimsemesha, anakujibu baada ya muda, tena jibu la swali lingine. Nilimhurumia, na nikisema ukweli, alinichosha pia.

Siku ya kliniki tulikwenda pamoja, mimi nikimpeleka mtoto wangu chanjo, yeye na Lennox, na Ciakuthii nyuma yetu kwa sababu ya mjukuu. Lennox akaning'inizwa kwenye mzani. Mshale ukasimama pale uliposimama mwezi uliopita. Nesi akamtoa, akamrudisha, ukasimama palepale. Akatuambia wazi kwamba mwezi ujao mambo yakiwa hivi, mtoto atalazwa wodini. Mukami akakaa kwenye benchi bila kuangalia kama kuna nafasi, nusura amkalie mama wa watu.

"Mama, umekula nini leo?" nesi akamuuliza.

"Chai."

"Na jana?"

"Chai. Na muguka."

Nadhani alikuwa amechoka hata kudanganya. Akina mama kwenye benchi waligeuka wote. Nesi hakumgombeza. Alimwambia muguka aache leo, si kesho, kwa kuwa anachotafuna mama kinamfikia mtoto. Akamwambia kunyonyesha ni kazi kama kulima, mwili unachoma chakula na unachukua pia katika ile akiba ya mimba, polepole. Ukiunyima kila kitu, unamnyima mtoto. Ale mara tatu au zaidi, anywe maji, na uzito utashuka wenyewe bila kufukuzwa.

Tulipotoka nje Ciakuthii alisimama kwenye kivuli cha ukuta, mkono kiunoni.

"Kumbe haukuwa mkono wangu," akasema. "Miezi hii yote nilidhani unakataa chakula cha mkono wangu."

"Hapana, Cucu," Mukami akasema. Anamwita Cucu, nyanya, kama mtoto atakavyomwita. "Nilitaka tu kupungua. Njue alisema mbele ya watu."

 Jibu Ciakuthii alimpelekea mwanawe siku Probox iliporudi, nami nililisikia lote nikiwa jikoni kwangu. Sitaliandika. Njue alikula ugali wake nje, amesimama, na tangu siku hiyo nepi anafua yeye akiwa nyumbani.

Msidhani kula kulikuwa rahisi. Tumbo lililozoea utupu linakataa chakula, na kichwa kilimgonga siku kadhaa baada ya kuacha muguka. Ciakuthii alimwondoa kibandani, akawa anakaa naye kila mlo. Ndengu na wali, yai, mboga, ucuru kikombe kimoja badala ya mtungi. Kuna siku nilimkuta Mukami analia juu ya sahani huku anatafuna, machozi yanaingia kwenye ndengu, na mama mkwe wake ametulia kando akingoja amalize. Maziwa hayakurudi kwa haraka. Kila akimlaza Lennox alimpima kwa mikono, akaniuliza kama ameongezeka, nami sikuweza kumdanganya. Nilisema sijui. Tuliogopa ile kliniki, sote watatu.

Siku ilipofika, mshale ulisogea. Ulisogea vizuri, hata nesi akatabasamu. Akampima na mama, akamwambia naye amepungua kidogo, na aendelee kula hivyohivyo. Nilimtazama Mukami nione furaha. Kupungua ndiko alikokutafuta kwa njaa yote ile, na kulipokuja aliitikia tu kwa kichwa, akaomba mahali pa kukaa.

Akafungua blauzi. Lennox akanyonya kwa pupa, akameza mpaka akashindwa, maziwa yakamfurika pembeni mwa mdomo, yakateremka kidevuni hadi shingoni. Ciakuthii akatoa leso amfute. Mukami akamshika mkono.

"Wacha, Cucu," akasema. "Wacha kwanza niyaone."