Kilio Kilichochelewa

Watu wakiniuliza mimi ni mtu wa wapi, huwa najibu Kisumu, kisha naketi kutazama wanavyokunja uso. Wazazi wangu wote wawili ni wa Murang'a, na sura yangu haifichi hilo. Lakini nililelewa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, na kulelewa si jambo dogo. Mtu hafundishwi na mama yake peke yake. Hufundishwa na ploti nzima ya wapangaji, na foleni ya maji, na macho ya wapita njia. Wala si watoto tu wanaofundishwa hivyo. Mama yangu alifika Kisumu akiwa mtu mzima, mjane mwenye msimamo wake, na mji huo ukamfundisha kulia. Sifanyi utani.

Tulifika mwanzoni mwa miaka ya themanini, muda mfupi baada ya kifo cha baba. Ndugu za baba walikuwa wamemwambia mama waziwazi kwamba shamba halikuwa lake. Akapanga chumba kimoja cha mabati, akafungua kibanda cha kabichi na viazi kando ya barabara. Kibanda hicho ndicho kilichokuwa kila kitu chetu. Kikianguka, hatukuwa na pa kwenda.

Mama wa mlango wa pili alikuwa mzaliwa wa Port Victoria. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wa kukaushwa, alicheka sana, na akimwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, barabara nzima iligeuka. Yeye na mama walishibana mara moja. Mama hakuwa ameonja samaki maisha yake yote, na jirani alimcheka mpaka akaonja, akaomba mwingine. Baada ya mwaka hivi, ungetuuliza sufuria ipi ni ya nani, hakuna ambaye angejua.

Kisha mume wa jirani, fundi wa baiskeli, akaugua tumbo kwa muda mfupi, akafariki.

Desturi ya pale ni kwamba mtu haingii matangani kimya. Unaanzia mbali, penye kona. Unapiga nduru, unamtaja marehemu, unamlaumu kwa kukuacha, unakimbia kuelekea mlangoni, na wenye msiba wanatoka kukupokea na kilio chao. Ukishamaliza hapo ndipo unapangusa uso, unatafuta kiti, na kuuliza kama kuna chai. Mgeni anaweza kudhani ni mchezo, lakini wenyewe wanajua wanachofanya.

Mama aliingia na sufuria ya irio, chakula cha kwetu, mkononi. Alimshika jirani mkono, akasema pole sana, akainamisha kichwa akaomba kwa sauti ya chini. Kisha akakunja mikono ya sweta, akaanza kazi. Siku zote za matanga alichota maji, akamenya viazi vya kibanda chake mwenyewe, akasugua masufuria makubwa kwa majivu mpaka vidole vikachubuka. Hakuna mwanamke aliyefanya kazi kama yeye. Nilimwonea fahari kubwa.

Jirani aliporudi kutoka kijijini alikomzika mumewe, hakumsalimia mama. Tulidhani ni uchovu. Lakini wiki iliyofuata hali ilikuwa ileile, na wanawake waliozoea kununua kwetu wakawa wanapita wakitazama mbele, wanavuka kwenda kununua kabichi kwingine. Za kwetu zikageuka manjano. Mama alijifanya haoni. Jioni, akidhani sisikii, nilimsikia akijiuliza kama Nakuru kunapangishwa vyumba.

Aliyenifumbua macho ni mama mzee aliyeshika ufunguo wa mfereji. Alinisimamisha ndoo yangu ikiwa nusu.

"Wewe, kuja hapa. Mama yako amekula chakula ya matanga siku zote hizo na hajalia. Hata kidogo! Sasa watu wanauliza, huyo alifurahi ama?"

"Lakini aliosha vyombo vyote!" nikasema, hasira zikinipanda.

"Vyombo hata mtu wa kuandikwa anaosha," akasema, akafungulia maji.

Nilimpelekea mama maneno hayo kama yalivyo, kwani wakati huo mdomo wangu haukuwa na breki. Alikasirika mpaka akasimama.

"Kwetu mtu akifa watu wananyamaza. Baba yako nilimzika bila kufungua mdomo, na kila mtu akasema, huyo ni mwanamke ana adabu. Sasa nianze kupiga kelele ndiyo nionekane mtu?"

"Mama, hapa kunyamaza ni matusi," nikamwambia.

Nilingoja kofi, lakini halikuja. Alikaa kitandani, na siku kadhaa akaendelea kufungua kibanda kama kawaida.

Kuna jambo alilolijua kama ninavyolijua mimi. Pale, mtu aliyekuwa safarini wakati wa msiba huja kulia baadaye, hata miezi ikipita, wala hakuna anayemhesabia kosa. Basi siku moja, adhuhuri, jua likiwaka na watu wamejaa barabarani, mama alifunga kibanda. Akajifunga leso kiunoni, akaniambia nimfuate. Tulitembea mpaka kwenye mashine ya kusaga mahindi, mbali kabisa na ploti yetu. Akageuka. Akapiga nduru.

Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayeita kuku. Vijana wa mashine wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mama hakusimama. Alipiga nyingine, akaanza kutembea, akamtaja fundi kwa sauti, akamuuliza kwa Kiswahili kwa nini ameacha baiskeli za watu zimelala chali, kwa nini amemwachia rafiki yake watoto. Tulipofika kona, alikuwa akikimbia, na maneno yalikuwa yamegeuka kuwa Kikuyu. Hapo nikasikia jina la baba yangu.

Akamuuliza baba kwa nini alienda. Akamwambia jinsi ndugu zake walivyomfukuza akiwa bado na nguo nyeusi. Akamwambia kwamba alikuwa amenyamaza, amenyamaza, amenyamaza. Sikuwahi kumwona akimlilia baba hata siku moja, na nilianza kulia mimi mwenyewe katikati ya barabara, mbele ya wote waliokuwa wakinijua.

Jirani alitoka mbio, mikono ina magamba ya samaki, naye akipiga nduru yake. Walikumbatiana kwa kishindo wakaanguka vumbini. Pale plotini hakuna aliyeelewa Kikuyu, na hakuna aliyetaka kutafsiriwa.

Walipotulia, jirani alimpangusa mama uso kwa leso yake mwenyewe.

"Yaye, nyar Murang'a," akasema. "Ulikuwa wapi wakati wote huu?"

"Nilikuwa mbali, dada."

"Mos," jirani akasema. Pole. Akamnyanyua, wakaingia ndani.

Nyar ni binti wa mahali fulani. Hivyo ndivyo wanawake walioolewa pale walivyoitwa, kila mmoja kwa alikotoka, na tangu siku hiyo mama hakuitwa vinginevyo. Kesho yake kabichi ziliisha kabla ya saa sita.

Nimesimulia haya kwa watu wenye elimu zao, na daima yupo anayesema mama alilazimishwa kuigiza. Nakubali alilazimishwa. Ninachokataa ni kwamba aliigiza. Jamii ilimsukuma mpaka kwenye mlango ambao jamii nyingine ilikuwa imeufunga, na aliyepita mlangoni humo alikuwa yeye mwenyewe. Wala siidharau adabu ya kwetu ya kunyamaza. Nimeona mashangazi zangu wa Murang'a wakibeba huzuni kubwa bila kutikisika, na nawaheshimu. Ila mimi nikifiwa, majirani wote wanajua.

Miaka ya tisini ilipoanza, siasa zikachafuka, na watu wa kutoka kwetu wakawa wanapakia vitu wakiondoka Kisumu. Mjomba, kaka yake mama, alikuja na pikapu ya kukodi. Alikuwa ametenga kipande cha shamba lake, kizuri, chenye migomba na maji karibu, na alikitoa kwa moyo safi. Aliketi chumbani mwetu akasihi mpaka chai ikapoa.

"Rudi nyumbani," akasema. "Hapa si kwenu. Ukifa hapa je?"

Mama alimsikiliza kwa upole kabisa.

"Na nikifa huko," akamuuliza, "nani atanililia?"

"Sisi ndugu zako."

"Nyinyi mtanyamaza," mama akasema.

Pikapu ilirudi Murang'a tupu.