Kiganja Kilichopakwa Mawese

Siku ile naikumbuka kuliko hata siku niliyokuzaa, Eliza mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya. Mimi bado si mzee wa kutoa nasaha. Ila yaliyonipata yamenizeesha, kwa hiyo nisikilize.

Mdogo wako Jofu alikuwa na miezi minane. Homa ilimshika Jumapili, nikafanya kama bibi yako wa Karema alivyonifundisha: nikampaka mafuta ya mawese mwili mzima, viganja na nyayo, asubuhi na jioni. Kituo cha afya hapa Makanyagio unakwenda kwa miguu, hata jasho halikutoki. Sikwenda. Mara ya mwisho nesi alinisema mbele ya foleni nzima kwa sababu ya mawese hayohayo, na mimi na kidato cha nne changu nikaona bora simu.

Simuni nilikuwa na ile akili bandia inayotazama picha, inasikiliza sauti, halafu inakujibu kwa Kiswahili safi kama daktari aliyetulia. Nilimrekodi Jofu akikohoa, nikaituma. Ikaomba picha ya kiganja. Nikaipiga mlangoni, mchana, penye mwanga. Ikasema rangi inaonekana nzuri, haioni dalili ya kupungukiwa damu, nimnyonyeshe mara kwa mara. Chini kulikuwa na maneno mengine. Sikuyasoma. Nilishapata niliyoyataka.

Siku mbili nilikaa na jibu hilo. Jirani akiuliza mtoto vipi, namwonyesha simu. Jumatano mchana Jofu akaacha kunyonya. Hakukataa, titi lilikuwa mdomoni, nguvu ya kuvuta ndiyo haikuwepo. Mbavu zinaingia ndani kila akipumua. Nilimbeba nikakimbia, kandambili moja nimeiacha njiani.

Aliyetupokea ni nesi yuleyule, mama wa Kipimbwe, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Nikamwonyesha simu, hebu fikiria ujinga huo, nikamwambia damu ipo, imeshaangaliwa kwa picha. Hakubishana. Alichukua pamba yenye spiriti akafuta kiganja cha Jofu, akafuta tena. Pamba ikawa rangi ya machungwa. Kiganja kikabaki cheupe kama muhogo uliomenywa.

"Mawese uliiambia?"

"Haikuniuliza, mama."

"Simu haina pua, binti yangu. Mimi nimeyanusa tangu mlangoni. Wewe uliyeyapaka ndiye wa kusema. Umeniogopa mimi, sasa ona."

Kipimo kikaonyesha malaria kali. Tukapakiwa gari la wagonjwa hadi hospitali, baba yako akatolewa damu ya kumwongezea Jofu. Nilikaa natazama matone yakishuka, nasubiri kila pumzi ya mtoto kama ndiyo ya mwisho. Hapo ndipo nikayasoma yale maneno ya chini: mtoto mwenye homa apelekwe kituoni leo, picha peke yake haitoshi. Leo. Nilitaka kuipiga simu ukutani. Halafu nikajua anayestahili kupigwa ni nani.

Kesho yake Jofu akafungua macho, akanyonya. Si kila mama anapewa nafasi hiyo.

Mwanangu, sikukatazi simu. Hata nesi yule huitumia kuelewana na akina mama wa Kirundi wasiojua Kiswahili. Lakini ukiiuliza, iambie yote: ulichompaka, ulichomnywesha, hata la aibu. Soma mpaka neno la mwisho. Na mtoto akiwa na homa, usikae kusubiri jibu lolote. Mbebe uende, usemwe ukiwa hukohuko. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kilinichungulia dirishani. Na ukija kuwa nesi, usimseme mama mbele za watu. Atarudi kwa simu, na safari nyingine atachelewa.

Mungu akupe watoto wakorofi, wenye mbio, wa kukuchosha kutwa nzima. Na akupe ulimi wa kusema kweli mapema.