Nambari ya Maximilla

Busia upande wa Kenya, karibu na geti la mpaka, kuna kliniki ndogo ya daktari Oketcho. Ukiingia, wa kwanza kukuona si daktari. Ni Maximilla, mama Msamia mwenye sauti ya kufukuzia kuku, aliyekaa nyuma ya kompyuta akituma madai ya matibabu kwa bima ya serikali. Mgonjwa akija, mtandao hutuma nambari ya siri kwenye simu aliyojiandikishia. Akiitaja, dai linakwenda na anatibiwa. Asipoitaja, ama alipe mwenyewe au arudi nyumbani na homa yake.

Shida ni kwamba mtu wa mpakani ana laini mbili, ya Kenya na ya Uganda, na simu yake mara nyingi ina nafasi ya moja. Akivuka anachomoa hii anatia ile, na ile nyingine anaisahau kwenye kabati. Siku moja Ajambo, muuza mihogo mikavu mzaliwa wa Buteba, ng'ambo ya Uganda, aliyeolewa huku, alifika na mtoto anachemka.

"Mama, ile laini ya Kenya mimi naacha nyumba," alisema, karibu kulia.

Maximilla angefanyaje? Alimwandikishia nambari ya simu yake yeye mwenyewe, msimbo, ile nambari ya siri, ukaingia kwenye simu ya Maximilla, mtoto akatibiwa. Kesho yake akaja mwingine, na mwingine. Kabla mwaka haujaisha, nusu ya wanawake wa mtaa ule walikuwa wakitibiwa kupitia simu ya Maximilla. Hata binti yake Emmy, aliyeolewa na Okia, kijana wa Kiteso anayevuka kila siku, alikuwa humo.

Moyo wake ulikuwa mzuri, hilo nani atakataa? Ila mdomo, jamani! Ulimi hauna mfupa, na wa Maximilla haukuwa hata na breki. Hakumsema mtu kwa ubaya, la. Alimsema kwa maombi. "Tumkumbuke dada yetu, sukari imepanda tena," anasema kanisani, na kina mama wanafumba macho huku masikio yakiwa wazi kabisa.

Emmy aliposhika mimba ya kwanza, kina mama walijua kabla Okia hajajua. Mimba ikatoka. Wakaja na majani ya chai, wakaimba, wakamtazama tumbo. Ya pili nayo ikawa hivyo hivyo. Emmy hakugombana na mama yake. Alianza tu kuja nyumbani kama mgeni: anakunywa chai, anauliza habari za ng'ombe, anaaga. Maximilla alilia peke yake jikoni na hakuelewa amekosa nini.

Basi mwaka huu akaja Osborn, ofisa wa kaunti, kijana mpole mwenye kompyuta ya mapajani. Aliwakalisha wafanyakazi wa kliniki zote za mtaani akawaeleza sheria ya mitandao ya madai na siri za wagonjwa. Habari ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa, alisema, na ujumbe uende kwa mwenyewe, si kwa jirani, si kwa karani, si kwa mume.

Maximilla akanyoosha mkono. "Mwanangu, wewe wa kaunti unajua mpaka? Hawa watu nisipowabeba mimi, watabebwa na nani?"

"Mama, sikatai unawabeba," Osborn akajibu. "Nauliza tu, wakitaka kushuka, watashukaje?"

Watu wakacheka. Maximilla akacheka nao, lakini rohoni alimwona mtoto huyu hana adabu, na zile nambari akaziacha palepale zilipo.

Haikupita wiki, simu yake ikalia mchana akiwa peke yake mezani. Ujumbe ulisema: Emmy, kliniki ya wajawazito, Bumala. Thibitisha kwa msimbo huu.

Maximilla akasimama. Mimba! Na Emmy amekwenda mpaka Bumala, amepita kliniki ya mama yake mzazi, asionekane. Akaishika simu kwa mikono miwili akingoja binti yake apige kuuliza msimbo. Sasa hivi atapiga. Hakupiga. Msimbo una dakika zake, na dakika zikaisha, na simu ikabaki kimya.

Hapo ndipo alipoelewa, na ilimuuma kuliko kuchapwa. Mtoto aliyekwisha kupoteza mimba mbili alikuwa ameinuka kwenye benchi la Bumala akaondoka bila kupimwa, kwa sababu mlango wa kuingilia kwa daktari ulipita kwenye simu ya mama yake.

Jioni ile ile alimpigia. Alijikaza sauti ikae kama ya kazini. "Emmy, serikali imekaza. Kila nambari irudi kwa mwenyewe. Kesho uje na kitambulisho na laini yako, hiyo hiyo ya Kenya."

Emmy alikuja amejifunga leso. Maximilla hakuangalia chini ya uso wake hata mara moja. Walibadilisha nambari, Emmy akaweka kidole, kompyuta ikakubali.

"Kwa hiyo wewe hutapata ujumbe tena?" Emmy akauliza.

"Sitapata tena. Laini yako usiichomoe."

Baada ya Emmy akamwita Ajambo, kisha wengine wote, mmoja mmoja, wengine wakinung'unika. Kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Nzito ilikuwa Jumapili. Roselyn, kinara wa kina mama na shoga yake wa miaka, alimsogelea nje ya kanisa. "Mama Emmy, mbona siku hizi huna ombi? Emmy je, kuna habari?"

Maximilla alihisi habari imemjaa mdomoni kama uji wa moto. "Sina habari," akasema. "Muulize mwenyewe." Akaenda nyumbani haraka, asije akageuka.

Majuma yakapita. Alasiri moja Emmy alimkuta jikoni akichambua mboga za mitoo. Alikaa kwenye kigoda, akaifungua leso.

"Mama, hii imevuka pale zilipotoka zile nyingine. Anacheza sasa."

Maximilla angeweza kupiga vigelegele, ajifanye kashtuka. Alishindwa. "Nilijua, mwanangu. Ujumbe wa Bumala uliingia kwangu."

"Najua uliingia kwako," Emmy akasema. "Nilikaa nikingoja kina mama waje na majani ya chai. Jumapili ya kwanza hawakuja. Ya pili hawakuja. Nikasema, basi mama nitamwambia mimi mwenyewe."

Maximilla akafuta macho kwa mgongo wa mkono, mitoo ikamwagika sakafuni. Akauliza polepole, "Na Roselyn? Naweza kumwambia Roselyn tu?"

"Hapana, mama."

"Haya," akasema Maximilla, akainama kuokota mboga zake.